Sweta Aliyoiacha Mpagazi Langoni

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka huwa natamani kujichapa makofi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwili una nguvu na mdomo una nguvu zaidi, na siku hiyo nilimwacha mtu mzima kwenye lango la mlima amesimama kwenye baridi bila sweta. Nimenyamaza nayo miaka yote hii. Leo naisema kwa sababu mmeniudhi.

Jana Brayo, mjukuu wangu, alikuja hapa Mowlem kuazima koti langu zito. Yeye na nyinyi vijana wenzake wa kanisa mnapanda Mlima Kenya mwezi ujao. Akanionyesha bajeti yenu kwenye simu. Kulikuwa na pesa za fulana zenye jina la kikundi, pesa za mpiga picha, hata pesa za keki ya kukata kule juu. Keki! Nikamuuliza, na watakaowabebea mizigo je?

"Ah, shosh, hao wasee wanalipwa na kampuni," akasema. "Tip ni ya wazungu. Sisi ni mahasla tu, tunahangaika kama wao."

Nusura nimtukane. Maneno hayo hayo niliyasikia nikiwa kijana, na nikayapigia makofi.

Wakati huo nilikuwa mpakiaji wa sabuni kwenye kiwanda kimoja kule Baba Dogo. Tulikuwa na chama chetu cha wafanyakazi, tukachanga miezi minane ili na sisi tupande mlima tuliozoea kuuona kwenye kalenda. Mimi nilifunga begi utadhani nahama nyumba. Unga wa ugali kilo nne, sufuria, Biblia kubwa ya mama, na viatu vya kanisa. Usiniulize viatu vya kanisa vilikuwa vya nini. Begi hilo alipewa Murithi, mpagazi mwembamba asiye na maneno mengi. Alilipima kwa mkono, akanitazama, akalibeba.

Siku ya tatu hewa ya juu ilinishinda. Kichwa kilitaka kupasuka, nikatapika, miguu ikakataa. Wenzangu waliendelea kupanda, na mwongozaji wa msafara akamwagiza Murithi anirudishe chini mara moja. Alinishika mkono kutwa nzima. Nilimtapikia kwenye sweta mara mbili, na kila mara alisema tu, "Pole dada, twende pole pole." Penye mawe alinibeba mgongoni. Unaweza kukaa hapo na kunisikiliza nikigomba leo kwa sababu mtu yule hakuniacha.

Wenzangu walipotukuta langoni siku ya mwisho, mwenyekiti wetu aliwapanga wapagazi wote mstari mmoja. Wakavua kofia, wakidhani sasa ndiyo wanapewa chochote. Akawaombea. Aliomba maombi marefu, akataja watoto wao, mashamba yao, hadi ng'ombe wao. Halafu akasema, "Ndugu zangu, bakshishi ni mambo ya wazungu. Sisi ni wafanyakazi kama nyinyi. Mungu atawalipa." Tukapiga makofi. Pesa za bakshishi tulikuwa tumeshakubaliana kuzilia nyama choma njiani.

Murithi alinifuata kando ya basi. "Dada," akasema kwa sauti ya chini, "hata ya viatu tu."

Vile viatu vya kupandia havikuwa vyake. Alivikodi kwa mtu pale pale langoni, na mwenye viatu alikuwa amekaa anangoja chake, wakati ujira wa kampuni ni wa mwisho wa mwezi. Nilikuwa na noti mbili ndani ya soksi. Nikamwambia nimeishiwa, nikapanda basi.

Kutoka dirishani nilimwona akivua ile sweta. Akaenda kwenye mfereji, akaiosha madoa ya matapishi yangu, akaikamua, akampa mwenye viatu iwe rehani. Basi likaondoka tukiimba mapambio.

Nyumbani, Mukuru kwa Njenga, nilimsimulia baba safari yote, nikamwigiza na mwenyekiti akiomba. Baba alikuwa kibarua wa kushusha magunia kwenye malori. Hakucheka.

"Mimi wenye malori wamenibariki miaka ishirini," akasema. "Nitajie daftari moja nililokununulia kwa baraka zao."

Nikainamia sahani yangu. Akauliza, "Huyo mtu alikubeba?"

"Ndiyo, baba."

"Basi umemfanyia vile wanavyonifanyia mimi."

Akaacha chakula chake mezani, akatoka nje. Angenipigia kelele ningevumilia.

Mwezi uliofuata niliomba ruhusa kazini nikarudi langoni na pesa. Murithi hakuwepo. Mwongozaji alinieleza kwamba mtu asiye na nguo ya baridi hawezi kuchukuliwa kwenda juu, kwa sababu atakufa huko. Murithi alikosa safari mbili, nafasi yake akapewa mwingine, akaenda kutafuta vibarua vya shamba. Wapi? Hakuna aliyejua. Niliulizia hadi gari la mwisho, nikarudi Nairobi na pesa zile zile.

Kwa hivyo usiniletee habari za wazungu. Hasla anayebebewa mzigo na hasla mwenzake analipa, tena anaona aibu akichelewa. Bakshishi itenge siku ile ile unayotenga nauli, kabla ya fulana na upuuzi wa keki. Uliza mapema wenyeji hutoa kiasi gani, wala usibishane kama uko sokoni Gikomba. Usiifunge yote kwenye bahasha moja ukampa mwongozaji kwa sababu ndiye mchangamfu. Mpe kila mpagazi mkononi mwake, wenzake wakiona, kabla hawajatawanyika. Mpishi naye umkumbuke. Soksi zako zilizotoboka usiwape ziwe bakshishi, rudi nazo nyumbani. Ukishamaliza hayo yote, omba hata saa nzima ukitaka.

Koti nimempa Brayo, na wewe nenda, mwanangu. Mungu akupandishe salama na akushushe salama. Akupe mkono mwepesi wa kutoa. Na akujalie uzeeke bila kuwa na Murithi wako, wa kumtafuta usimpate.