Mrina Asali Aliyekimbia Nyuki

Juzi mchana nilipigiwa simu kutoka Mwamkulu. Alikuwa dada wa mrina asali mmoja niliyemfahamu miaka mingi: kaka yake amefariki. Moyo ulikuwa umechoka, alilala baada ya kula na hakuamka. Nikasema pole, dada, kisha nikakaa na upweke ambao sikuutegemea, maana hatukuwa ndugu wala watu wa kutembeleana. Alikuwa tu mtu anayepita mbele ya nyumba yangu hapa Ilembo na madumu yake ya asali, akipiga mluzi hadi nimjibu.

Mluzi huo ni desturi ya warina kule msitu wa Ugalla. Msituni hawaendi mmoja mmoja, na wakishatawanyika kwenye mizinga, mmoja hupiga mluzi na mwenzake hujibu. Usipojibiwa, unaacha kazi ukamtafute. Basi siku alipotusimulia sokoni kwamba alikwenda peke yake, bila moshi wala koti, nyuki wakamvamia akatoka mbio akiomba msaada, tulicheka mpaka machozi. Mrina wa tangu utotoni kukimbia nyuki, jamani. Wengine walipoondoka akanivuta pembeni.

“Nyie mmecheka, mwandishi. Siku ile nilikwenda ili nisirudi. Tangu nimzike mke wangu, nyumba haikaliki. Halafu nyuki wananidunga, mimi huyo mbio. Mtu aliyechoka kuishi anakimbia nini? Mimi mwoga tu.”

Nilimwambia aache maneno hayo, mwanaume hasemi hivyo. Naandika hili kwa aibu. Dada yake, alipoambiwa yaleyale na kaka yake, ndiye aliyekuwa na akili. “Huyo mwoga ndiye aliyekurudisha nyumbani,” alimwambia. “Njoo ukae kwangu, nimpikie huyo mwoga ugali.” Akamchukua hadi Mwamkulu, akampeleka hospitali azungumze na daktari, na kila alipotakiwa kurudi alimsindikiza. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na akaja kucheka tena.

Sisi mtu wa namna hii tunamhukumu mara mbili. Akisema amechoka kuishi, tunamwita dhaifu. Akiogopa maumivu, tunasema alikuwa anatania. Wala hatanii. Mtu anaweza kuchoka kabisa na mwili wake bado ukamtetea. Ule woga ni upande wake ambao haujakata tamaa, nao unahitaji mtu wa kuusaidia kabla haujachoka.

Kuna siku alipiga mluzi nikanyamaza, nina makala ya kumaliza. Akaweka madumu chini, akaja mpaka mlangoni, akachungulia. “Nilidhani umeanguka,” akasema, akaenda zake. Tangu juzi naikumbuka sura yake pale mlangoni. Siku ile ya sokoni yeye ndiye aliyekuwa amepotea, akapiga mluzi, na mimi nilisikia nikamwambia anyamaze. Ukisikia mwenzio anasema maneno kama yale, hata kama anayasema kwa kicheko, acha kazi yako ukamtafute.