Nilivyopanda kwenye barafu ya Rwenzori na viatu vya mafuta ya simsim

Wakuu, salaam kwenu. Naona wengi mnasimulia safari za ndege. Basi mnisikilize na mimi, bibi yenu wa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Shule niliacha darasa la tatu, lakini jina la mtu silisahau, na nitakalosema hapa ni pale miguu yangu ilipopita.

Ilikuwa 1974. Mume wangu, Khamis Farajallah, alikuwa fundi kwenye mgodi wa shaba, upande wa Kasese. Mimi nilikuwa kijijini kwetu Lurujo kwa mama yake, Hajati Zainabu, nalima muhogo.

Nikapanda lori Koboko, nikalala Arua kwa dada yangu Sauda, halafu mabasi siku tatu mpaka kwa Khamis.

Mimi nilienda kukaa. Yeye alitaka nirudi.

"Hapa baridi iko mingi," akasema. "Wewe mutu wa jua, Halima. Nitakuzika huku."

Wenzake wawili, Obura na Tumusiime, wakacheka. Walikuwa na likizo, wanapanga na Khamis kupanda mlima Rwenzori mpaka kwenye barafu. Khamis akaona hapo ndipo pa kunishinda.

"Ukifika kwa barafu na miguu yako, utakaa. Ukishindwa, unarudi kwa mama."

Nikasema sawa.

Tulitembea siku nne. Tope la kule si kama la kwetu Ludara, lile linameza kiatu na mguu wake. Siku ya pili Obura na Tumusiime wakageuka kurudi.

Siku ya nne tukafika kibanda cha bati chini ya barafu. Khamis akashikwa na kichwa, akatapika, akalala. Asubuhi hakuweza kuinuka.

Bwambale, mzee wa Kikonzo aliyetuongoza, akaniuliza kama turudi.

Nikamwambia kurudi kupo, twende juu kwanza.

Sasa sikieni kosa langu. Kwetu kiatu cha safari hupakwa mafuta ya simsim, juu, pembeni, mpaka kwenye soli, ngozi isipasuke. Chupa yangu nilitoka nayo Lurujo. Basi nikapaka bila ubahili.

Hatua ya kwanza kwenye barafu, nikakaa chini. Ya pili, nikateremka kwa makalio urefu wa nyumba nzima, mpaka kamba aliyonifunga Bwambale kiunoni ikanishika.

Akashuka, akakamata kiatu changu, akanusa.

"Mama, hii kiatu ulikuwa unakaanga?"

Nikamweleza desturi yetu. Akatikisa kichwa. "Kwenu jua iko. Hapa mafuta inaua mutu."

Akachana gunia la viazi, akanizungushia vipande kwenye viatu, akafunga kwa kamba ya katani. Nikapanda kama kuku aliyefungwa miguu, lakini gunia lilishika.

Ile barafu si nyeupe tupu kama mnavyodhani. Ndani ya nyufa zake ni bluu, kama bluu ya kufulia. Na inalia kwa chini, tak, tak. Nikaiwekea kiganja mpaka kikafa ganzi. Nikasema alhamdulillahi, tukashuka.

Khamis alikuwa amekaa mlangoni na blanketi.

"Nimefika," nikamwambia.

"Nani aliona?"

Bwambale alikuwa anakunja kamba yake. "Mimi niliona. Na wewe pia nilikuona, umelala."

Tukashuka mpaka mgodini. Tulipoingia chumbani kwake, Khamis akasukuma sanduku lake kwenye kona, akachukua langu akaliweka kando ya lile lake.

Nikakaa. Asha, Juma na Rehema niliwazaa pale, mpaka vita vya 79 vilipotuondoa.

Funzo langu ni hili: ujuzi wa kwenu usiuache, lakini ukifika kwa watu, uliza kabla hujaupaka. Na anayekuwekea sharti la mlima, mwangalie kwanza kama yeye ataumaliza.

Nasikia barafu ile imepungua sana. Aliyepanda karibuni aniambie ameikuta wapi. Na akina mama mliowahi kupewa masharti kama yangu, andikeni mlivyofanya. Nasoma polepole, lakini nasoma yote.