Kipimo Kilichonenepa

Nilikigusa. Miaka yote nimekana, hata kwa kuapa, lakini kile kipimo nilikigusa mimi.

Karakana ya Msambweni alikofanya kazi baba ilinuka mafuta yaliyoungua, na kibanda cha jirani, cha Bi Mwanasha muuza samaki, kilinuka papa. Bendera mpya ilikuwa haijapauka. Mzungu aliyekuwa fundi mkuu alishaondoka, na baba alipewa kwa majaribio kazi ambayo hakuna mwenyeji aliyewahi kupewa: kutengeneza vipimo vya chuma vya kukagulia matundu ya vipuri vya mashine za miwa. Akiharibu kimoja, anarudi kubeba makaa.

Cha kwanza alikichoma kikawa chekundu, akakizamisha ndani ya mafuta kikawa kigumu, kisha akakisugua siku mbili mpaka kikaingia kwenye tundu la mfano bila kukwama wala kulegea. “Usikiguse, mama,” aliniambia. “Joto la mkono hunenepesha chuma.”

Alipokwenda kuswali adhuhuri, nilikishika hadi kikapata vuguvugu. Hapo ndipo hofu iliponiingia: nimekinenepesha! Kwa akili yangu ya miaka tisa, dawa ya joto ni baridi. Nikakizika katika sanduku la samaki la Bi Mwanasha, kwenye barafu na chumvi ya mawe, nikakaa juu ya kifuniko. Baadaye nikakifuta kwa gauni na kukirudisha mezani.

Alasiri msimamizi alikijaribu. Kikakwama. Akageuza, kikakwama tena.

“Fundi, hiki ulikipima kwa jicho au kwa usingizi?”

Mafundi wengine wakacheka. Baba alikiinua karibu na uso, akanitazama.

“Nimekosea mimi, bwana,” akasema.

Kesho yake alibeba makaa, na akayabeba mwaka mzima.

Chuo kikuu nilisoma fasihi, elimu isiyomfaa mtu mwenye chuma. Mwenzangu wa chumbani, aliyesomea uhandisi, ndiye aliyenieleza: chuma kilichokazwa kwa moto na mafuta hubaki na sehemu laini ndani yake, baridi kali huigeuza ikawa ngumu, na ikigeuka huvimba, wala ukikipasha joto hakirudi kilivyokuwa. Nikapata maelezo ya kosa langu, ujasiri sikupata. Siku hizi wanangu wakivunja kikombe huja kuniambia wenyewe. Sijui wamemrithi nani.

Juma lililopita nilimpigia baba simu, yuko Kwale. Baada ya shikamoo nikamweleza yote, na uhandisi juu yake. Akaniacha nimalize.

“Mama,” akasema, “kile kipimo kilinuka papa.”