Usiseme Mbele ya Vumilia

Enzi zetu magari yalikuwa yanasikia. Kijana wa leo akisoma hapa atacheka, na acheke, maana gari lake linaongea naye, linamkumbusha afunge mkanda na mlango, na bado haliheshimu. Sisi tuliokulia Kasongo wakati magari ya mji mzima yalihesabika kwa vidole, tulijua kwamba gari ni kitu cha kuchungia maneno.

La kwetu liliitwa Vumilia. Lilikuwa kamioneti, gari dogo la mizigo, ambayo hakuna aliyeikumbuka rangi yake ya kwanza. Mama alisema ilikuwa kijani, Baba alisema buluu, na Nyanya, mama yake Baba, alisema lilikuja hivyohivyo. Kila siku ya Mungu lilibeba watu, mchele, mawese na samaki wakavu wa Nyangwe. Lilienda Kabambare na kurudi, na mara mojamoja lilijikongoja mpaka Salamabila. Tulitambua mlio wake kutoka mbali, tukatupa chini ringi za baiskeli tulizokuwa tunaviringisha na kukimbia njiani, kwa kuwa aliyetangulia kushika mlango ndiye aliyekaa mbele mpaka uani. Kiti hicho kilinuka mazutu, yale mafuta ya dizeli, na mawese, na juu yake Baba alitandika ngozi ya mbuzi ili chuma kisituchome makalio. Kilichoma tu, lakini nani angeshuka?

Konteri, ile saa ya kuhesabia kilometa, ilichoka kuhesabu kabla sijazaliwa. Baba hakujali, kwa sababu alikuwa mtu wa mipango. Kila alipotoka Kabambare alichora mstari wa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, akiwa ametangaza mapema kwamba mistari ikifika mlangoni, Vumilia atapumzika na gari jipya litanunuliwa. Aliyesubiri gari life ndipo atafute jingine, Baba alimwita mtu anayechimba choo tumbo likiwa limeshaanza kumsokota. Miaka ikaenda, mistari ikapita nyuma ya mtungi, ikapita juu ya kinu, ikabaki shubiri mbili kufika mlangoni. Idi ikakaribia, na Mama, kama wanawake wote wa mtaa wetu, akapaka ukuta chokaa.

Baba aliporudi alisimama jikoni kwa muda mrefu, kofia mkononi.

"Mama Zaina, umefanya nini?"

"Ukuta ilikuwa chafu, baba Zaina."

Baba alifikiri, akaokota kipande cha mkaa, akaenda kwenye kona ya mwanzo, akachora mstari mmoja. Siku hiyo Vumilia akarudi kuwa kijana.

Sasa habari ya masikio. Jioni moja Baba alisimama uani, mkono juu ya boneti, akamwambia jirani kwamba karibu ataliuza. Kesho yake zilikatika springi mbili. Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba kwamba gari jipya halitajwi mbele ya Vumilia. Baba alitueleza vizuri: "Hata bibi yako, humwambiake unaleta mwenzake wakati yeye angali anakubebea mutoto mugongoni." Mama alimtazama, na Baba akashikwa na kikohozi. Kwa hiyo gari jipya likapewa jina la kufichia. Tuliliita Mugeni.

Chini ya kitanda chake Baba aliweka kasha la Mugeni. Alipoona pyesi nzuri, yaani kipuri, mahali popote, alimnunulia Mugeni mapema: klaksoni, kioo cha pembeni, taa, fani beti ya injini, kitambaa chekundu cha viti. Shida ni kwamba Vumilia alikuwa anaugua kila mwezi, na dawa ilikuwa chini ya kitanda. "Tunamwazima tu Mugeni," Baba alisema, akatoa fani beti. Upande mwingine Nyanya, ambaye masikio yake yalishika robo ya mazungumzo, aliposikia kila siku kwamba mgeni anakuja, akamtengea jogoo. Sisi watoto tulimmezea mate jogoo yule kila tulipokula sombe kavu, majani ya muhogo bila kitoweo, na jibu la Nyanya lilikuwa moja: "Kuku ya mugeni haigusiwake." Jogoo akazeeka, akaota kucha ndefu, akawa anatufukuza uani kana kwamba yeye ndiye mwenye nyumba.

Mambo yaliharibika dada yangu Zaina alipochumbiwa Kabambare. Siku ya kupeleka jibu la posa Baba alifurahi kupita kiasi, akawaahidi wakwe kwamba bibi-arusi ataletwa na gari jipya. Aliyasema hayo ndani ya nyumba ya watu, huku Vumilia ameegeshwa mbali. Lakini ahadi kwa wakwe ni ahadi. Ukiivunja, binti yako ataisikia kila siku akiinamia moto wa mama mkwe. Mwezi wa arusi ukaingia, na mistari ya mkaa ilikuwa haijafika hata kwenye mtungi.

Asubuhi ya safari Baba akavuta kasha na kumvalisha Vumilia vyote: klaksoni ya Mugeni, kioo cha Mugeni, kitambaa chekundu cha Mugeni. Mbele akakaa Nyanya, na jogoo mapajani, maana hatimaye alielewa kwamba mgeni haji, mgeni anafuatwa. Pembeni yake, upande wa mlango, alikaa mjumbe wa wakwe, mzee wa koti la kahawia aliyetumwa kutusindikiza. Nyuma tulikaa sisi wengine, Zaina katikati akiwa amefunikwa kitambaa. Mimi, mwenye miaka kumi, niliegemea dirisha la nyuma, lile lisilokuwa na kioo, na nikasikia kila neno.

Tulipovuka mto Luama na kumaliza kupanda, mjumbe akageuka.

"Muzee, ndiyo ile gari mupya ulituambia?"

Baba alikwepa shimo la kwanza, akakwepa la pili. Mwisho aibu ikamshinda.

"Hapana. Mupya iko njiani. Hii ninaiuza."

Nyanya akafumba macho. Vumilia aliendelea kidogo kwa ajili ya adabu, akakohoa, akazima.

"Si umesema," Nyanya akasema.

Baba alifungua boneti, akafunga boneti. Hakukuwa na la kufanya isipokuwa kusukuma, na Kabambare haikuwa mbali tena. Nyanya alikataa kushuka, kwa hiyo volani, ule usukani, ikawa yake. Akaishika kwa mikono miwili kama anayemshika mbuzi masikio, jogoo akimchungulia kwapani, na mjumbe pembeni yake anasali. Ndipo Zaina akafunua uso, akavua viatu, akakaza kikwembe kiunoni na kuruka chini.

Mama alishtuka. "Bibi-arusi hasukumake gari."

"Na nani atanifikisha, mama?"

Akaenda kusimama ubavuni mwa Baba. Tukasukuma. Mimi nilikuwa karibu nao, na nilimsikia Baba akisema kwa sauti ambayo sikuizoea: "Zaina, nilikuahidi kitu na sikukipata. Unisamehe."

Zaina hakuacha kusukuma. "Baba, kama ingekuwa mupya, saa hii tungekuwa tumefika. Na weye ungekuwa unarudi."

Baba alijipangusa uso kwa mkono. Alisema ni mazutu imemwingia machoni.

Tuliingia Kabambare hivyo, bibi-arusi akiwa na vumbi mpaka magotini. Wakwe walikuwa wamejipanga. Mama mzazi wa bwana arusi alimtazama Zaina kutoka kichwani hadi miguuni, akamtazama Nyanya kwenye volani, kisha akasema, "Gari hawakuleta. Lakini mutu, wameleta mutu." Akapiga vigelegele, na wanawake wote wakaja kusukuma. Uani Baba aliinama kwenye boneti, akanong'ona, "Sikuuzi." Vumilia akawaka papo hapo, na klaksoni ya Mugeni ikakwama, ikalia mpaka sala ya alasiri. Jogoo alichemshwa siku nzima na bado wazee walishindwa naye.

Gari jipya halikununuliwa kamwe. Lakini miaka ya mwisho tulitazama vizuri tukakuta hakuna kitu juu ya Vumilia ambacho hakikutoka kwenye kasha. Mugeni alikuwa amekuja kidogokidogo, na sisi tuko njiani tunamngojea.

Leo Baba amelala makaburini, na mimi nina gari langu aina ya jipu ambalo konteri yake inafanya kazi vizuri sana. Ndiyo sababu siitazami. Mwanangu Jumaa anaitazama kwa niaba yangu. Amepanga yote kwenye simu: picha, bei, meli, mwezi wa kuuza hili kabla halijafa. Anayapanga akiwa ameegemea boneti la jipu hilohilo, kwa sauti, na nikimwambia "ssst" ananionea huruma. Enzi zetu tulikuwa na gari moja na tukaliogopa kulivunja moyo. Wao wana picha elfu na hawajui jina la hata moja.

Sikatai, mpango wake ni mzuri. Kiangazi nitamtoa Mwavita, kitinda mimba wa Zaina, kule Kabambare, nimlete Kasongo kwa mume wake, na mjomba hawezi kwenda na gari la kukohoa. Jana nikampigia Zaina kumpa habari njema, kwamba safari hii litakuja jipya kwelikweli.

Zaina akaguna.

"Saidi," akasema, "mupya ya nini? Kutoka hapa mpaka Kasongo na mupya, ni safari ya kulia kidogo tu imeisha. Leta hiyo yako. Baba yake naye iko na maneno ya kumwambia njiani."

Nilitoka uani. Jumaa alikuwa pale na simu yake. Nikaweka mkono juu ya boneti na kusema kwa sauti kubwa, jipu lisikie vizuri: "Kiangazi utabeba bibi-arusi. Sikuuzi."

Jumaa akaniuliza naongea na nani.