Siku Nilipomwandika Dada Yangu Kwenye Fomu

Kabla ya kuugua, machozi yangu yalikuwa karibu. Hata kuku akichinjwa nilitoka nje. Miaka ya tisini nikapata kazi katika ofisi ndogo mjini Machakos, tukiwasikiliza wanawake waliopigwa na waume zao. Walitoka Kola, Kathiani, hata Kithimani. Niliwaandika, nikawasindikiza polisi na hospitali, na jioni nikawalilia.

Mwaka wa tano machozi yalikauka. Nilidhani nimekomaa, kumbe naugua. Nilisaga meno usingizini hadi gego likapasuka. Chakula nilikitapika. Hedhi ilikatika miezi minne, na mimba sina. Akija mama amevimba jicho, nilikasirika kwamba ananichelewesha.

Asubuhi moja foleni ilikuwa ndefu. Niliuliza bila kuinua macho, kama kawaida yangu.

"Jina?"

"Mwende." Kwetu akina Mwende ni wengi.

"Alikupiga na nini?"

"Na mwiko ya sima." Sauti ilitoka kwa shida, mdomo umevimba.

Nikaandika "mwiko". Nikaita, "Mwingine aingie!"

Hakuondoka. "Dada, ni mimi," akasema.

Alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Mdomo umepasuka, kidole kimepinda. Nilitafuta huruma moyoni, sikuipata. Hapo niliogopa sana.

Mwenzangu ofisini, Mama Syokau, aliyekuwa ameona ninavyotapika, alitupeleka hospitali sote wawili papo hapo. Daktari alinipima damu na tumbo, kisha akauliza kazi yangu. "Tumbo iko sawa," akasema. "Umebeba maumivu ya watu na hujawahi kuyatua. Pumzika. Na utafute mtu akusikize wewe."

Niliona aibu, lakini mganga hajigangi. Nilikaa nyumbani miezi mitatu, Mwende akiwa kwangu. Kila Jumanne nilimwona mshauri, mama mmoja mstaafu. Wiki za kwanza nilimsimulia habari za wanawake wengine. Alinikatiza: "Hao nimewasikia. Wewe je?"

Usingizi ulirudi kwanza, kisha hedhi. Siku moja Mwende alishindwa kufunga vifungo vya sweta kwa kile kidole. Nilimfungia, nikalia mpaka kamasi zikanitoka.

Nimerudi kazini, siku tatu kwa wiki. Namshukuru Mungu, na Mama Syokau asiyejua kungoja. Wewe unayewahudumia waliopigwa, usijivunie kutolia. Nenda ukaonwe mapema. Mwende nilimwomba msamaha. Alinisamehe, ila alisema wazi kwamba sauti yangu ya siku ile ilimuuma kuliko kipigo.