Baba Yangu Si Boi

Mzungu alipouza nyumba yake ya Lavington akarudi kwao, baba yangu alichinja jogoo. Alikuwa mpishi katika nyumba ile tangu kabla sijazaliwa, na aliyeinunua alikuwa Mwafrika, mkubwa katika wizara, mtu wa suti na gari jeusi. Baba alituambia kwamba sasa ameajiriwa na ndugu yake. Tulimla jogoo yule katika chumba chetu kimoja nyuma ya nyumba, karibu na kamba za kuanikia nguo, mama akiimba nyimbo za kanisani kwa lugha yetu ya magharibi.

Wiki haikuisha. Asubuhi moja nikasikia sauti ya Mwafrika mwenzetu ikiita kutoka verandani, "Boi! Chai!"

Baba alikuwa na mvi. Alikuwa mzee wa kanisa, na kule kijijini watu walingoja aketi ndipo nao waketi. Akachukua trei, akaenda. Mimi nilikuwa bado msichana wa shule. Nilisikia masikio yangu yakiwaka moto, kana kwamba mimi ndiye niliyetukanwa.

Mjomba wangu alikuwa mtunza bustani Spring Valley, na alikuwa na gitaa kavu, lile la mbao lisilotumia umeme. Jumapili baada ya ibada alilipiga akiwa ameketi juu ya kreti ya soda. Nilimsumbua mpaka akanifundisha. Mama alisema gitaa ni la walevi, tena wanaume. Mjomba akamjibu, "Basi acha lipate mtu mmoja asiyekunywa." Vidole vyangu vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakawa sugu, na sugu hizo ninazo hadi leo.

Nilipomaliza shule nilipata kazi ya kupiga taipu katika ofisi moja mjini, nikapanga chumba changu. Huko nikasikia kuna bendi ya vijana inayotafuta mwimbaji. Walikuwa wakifanya mazoezi Westlands, katika stoo ya duka la vifaa vya ujenzi, katikati ya mabati na mikebe ya rangi. Duka lilikuwa la baba yake mpiga ngoma, kijana wa Kisingasinga aliyezaliwa Nairobi kama mimi.

"Tunataka sauti, dada," akaniambia. "Wa gitaa tuko naye."

"Yuko wapi?"

"Amechelewa."

"Basi nipeni nilishike mpaka afike."

Wakacheka, lakini wakanipa. Lilikuwa gitaa la umeme, la kwanza kulishika maishani mwangu. Nilipiga kama alivyonifundisha mjomba, besi kwa kidole gumba na wimbo kwa kidole cha shahada, na spika ikaikoroga sauti ile mpaka mabati ukutani yakatetemeka. Mpiga ngoma aliacha kucheka, akachukua vijiti vyake, akanifuata. Mwenye gitaa alipofika alitukuta hivyo. Alinuna mwezi mzima, kisha akakubali kupiga gitaa la pili.

Tulipata nafasi katika klabu moja katikati ya jiji, Jumapili alasiri. Madansi yale ya mchana tuliyaita bugi, na vijana walikuja na suruali zilizopanuka miguuni na nywele zilizotimuliwa kama vichaka. Tulipiga roki ya ng'ambo, nyimbo ambazo maneno yake tuliyasikia nusu, nusu nyingine tukajaza wenyewe. Watu walipenda. Mimi nilichoka. Kila nilipomtembelea baba nilisikia neno lile likiitwa kutoka verandani, na kila Jumapili nilikuwa nikiimba kuhusu barabara za Amerika ambazo sijaziona.

Basi nikatunga wa kwangu, nikimenya viazi jikoni mwa baba:

Baba yangu ana mji,
ana mke, ana kiti.
Wewe unamwita boi,
wako unamwitaje?

Siku ya kwanza tulipoupiga, vijana walisimama wakasahau kucheza. Mhudumu mmoja, mtu mzima, akaweka trei yake juu ya meza ya wateja, akapiga makofi peke yake. Habari zikasambaa jikoni hadi jikoni. Baada ya Jumapili chache, wapishi, mayaya na watunza bustani wa Lavington na Spring Valley walikuwa wamepanga foleni nje ya klabu, na bawabu amewazuia.

"Hawa si wateja wa hapa," meneja aliniambia. "Angalia nguo zao."

"Hizo ni nguo za kanisani. Wasipoingia wao, siingii mimi."

"Wewe ni msichana tu na gitaa."

"Ndiyo. Na huko ndani wanamngoja huyo msichana na gitaa."

Mpiga ngoma akaja akasimama kando yangu. "Na ngoma pia itabaki nje," akasema. Kutoka ndani miguu ilianza kugonga sakafu. Meneja akampungia bawabu mkono, na watu wetu wakaingia.

Haikupita muda, wanaume wawili wasiovaa sare wakaja ofisini kwangu mchana, wakanichukua mbele ya wenzangu hadi kituo cha polisi.

"Nani amekutuma?" aliuliza mkubwa wao.

"Sijatumwa."

"Unachochea watu dhidi ya viongozi."

"Wimbo haujamtaja kiongozi yeyote, mzee. Wewe umemtambua vipi?"

Alifunga faili lake kwa kishindo. Jioni waliniachilia kwa onyo. Kesho yake nikaambiwa ofisini kwamba kiti changu kimepata mtu mwingine.

Lakini aliyeniumiza zaidi ni baba. "Umenivua nguo mbele ya Nairobi nzima," alisema. "Mimi nilikuwa nimelibeba jambo hili kimya. Nani alikuambia ulitoe nje?" Nilimwambia tu kwamba sitaacha kuuimba, naye akanigeuzia mgongo.

Bwana wake alipopata habari alimwita verandani, wageni wake wakiwa bado mezani baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa jikoni nikimsaidia yaya kukausha vyombo, na dirisha lilikuwa wazi.

"Boi, yule msichana wa gitaa ni wako?"

"Ni wangu."

"Basi chagua. Anyamaze, ama wewe utoke hapa."

Baba alifungua fundo la aproni taratibu, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti. Kisha akasimama wima, akataja jina lake lote, jina la baba yake, la babu yake, na ukoo wao. "Hilo ndilo jina langu," alisema. "Wewe nimekupikia miaka sita na hujawahi kuliuliza. Msichana wangu hanyamazi." Wageni waliangalia sahani zao. Baba akaja jikoni, akaniambia, "Twende tufunge mizigo."

Tulihamia Kangemi, ng'ambo ya bonde, ambako watu wengi wa kwetu walikuwa wakikaa. Mama alifungua kibanda cha chakula, na baba akawapikia mafundi na vibarua vyakula vya mezani kwa Wazungu. Walilalamika kwamba havishibishi, akajifunza kuongeza ugali. Klabu ya mjini ilitufungia mlango, na redio haikuucheza wimbo wetu hata mara moja. Tukawa tunapiga uwanjani Kangemi, tukivuta umeme kutoka kwenye bucha.

Siku ya kwanza baba alikuja akiwa amevaa koti lake la kanisani, akaketi mbele kabisa. Tulipomaliza alinikaribia. Nilidhani atanisifu.

"Ubeti wa tatu una uongo," alisema. "Umesema nililia nyuma ya nyumba. Mimi sikulia. Nilikasirika. Urekebishe."

Niliurekebisha usiku huohuo, na ukawa ubeti mkali kuliko yote.

Baadaye wahudumu wa hoteli walipogoma, walituomba tuwapigie uwanjani. Polisi walikuja na kuchukua spika na amplifaya, hatukuzipata tena. Mpiga ngoma akageuza debe la maji akalifanya ngoma, mimi nikapiga gitaa la umeme bila umeme. Halikusikika hata hatua mbili kutoka niliposimama. Lakini wale wahudumu, wanaume na wanawake waliokuwa wameitwa boi na yaya tangu ujana wao, waliyajua maneno yote. Waliimba wao, tena kwa sauti kubwa kuliko bendi yoyote niliyowahi kupiga nayo, na polisi wakabaki wamesimama na spika zetu mikononi.