Wimbo Uliofungiwa Madirisha

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa, kazi niliyoichukia kuliko zote ilikuwa kufunga madirisha ya mbele baada ya sala ya alasiri. Tulikaa mtaa wa Kuze, katika kichochoro chembamba ambacho upepo huingia kwa bahati tu, na saa ile ndiyo saa pekee ulipoingia. Lakini bibi yangu hakutaka mjadala. Mara tu Bi Mwanaesha wa nyumba ya mkabala alipoanza kuimba, mbao za madirisha zilipigwa pa! pa! pa! kichochoro kizima, na sisi tukabaki ndani tukitoka jasho kwa kuogopa wimbo.

Ilisemwa kwamba anayeusikia wimbo ule mpaka mwisho, mtu wa nyumba yake ataondoka asirudi tena. Ukiuliza ni nani aliyewahi kuusikia akapatwa, kila mtu alikuwa na jina lake la kutaja, na majina hayakulingana. Mimi nilijua haya tu: Bi Mwanaesha alikuwa mjane mwenye mwana mmoja, Athumani, na vita vilipopamba moto Athumani alichukuliwa uaskari akapelekwa Burma. Barua zilikuja mbili, kisha zikakatika. Tangu hapo mamake alikaa dirishani kila alasiri akisuka ukili, ule ukanda wa miyaa ambao hushonwa ukawa mkeka, huku akiimba. Watu wakasema huzuni yake imeingiwa na kitu. Wakaacha kwenda kwake. Hata sahani za futari, ambazo Kuze huzunguka nyumba hadi nyumba Ramadhani nzima, zilifika mlango wa jirani yake zikageuza njia.

"Usimsikilize," bibi aliniambia. "Yule yuwaita. Wake hakurudi, basi ataka na wa wenziwe wasirudi."

Nikisema ukweli, mwanzo wa wimbo niliujua kwa moyo, maana mbao zile nzito hazikufungika kwa kufumba na kufumbua:

Mwanangu huko uliko, ni nani akupikia?
Ukishikwa nayo homa, nani akuangalia?

Nilikuwa na miaka minane, na mbishi. Athumani nilimkumbuka kidogo tu; alinibeba mabegani siku moja ya Idi ili nione bembea. Lakini kila nilipoyasikia maneno yale nilitamani arudi kana kwamba tumezaliwa tumbo moja, na usiku nikila wali wangu nilijiuliza yeye anakula nini huko. Nikataka kujua wimbo unaishia wapi. Je, mwishoni anarudi?

Basi siku moja bibi alipokuwa jikoni nikaacha ubao wazi upana wa kidole. Bi Mwanaesha aliimba mwanzo ule, kisha sauti ikashuka, ikawa ya mtu anayesema na nafsi yake. Maneno sikuyapata. Halafu yakanifikia haya, safi kabisa: "Wa dirisha la samawi..." Nikaufunga ubao kwa mikono miwili. Kichochoro kizima kilikuwa na dirisha moja tu la rangi ya samawi, na lilikuwa letu. Baba alilipaka kwa rangi aliyobakishiwa kazini kwake bandarini Kilindini.

Kesho yake mdogo wangu Omari, mtoto wa miaka minne, aliamka na homa. Siku ya tatu hata maji hayakumpita kooni. Mama alikaa naye mkekani bila kula, na mimi nilijua vizuri kabisa ni nani anayemuua ndugu yangu: ni mimi niliyeacha ubao wazi. Nikaenda kwa bibi nikamwambia yote.

Nilitazamia makofi. Bibi alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

"Alitaja dirisha letu? Umesikia kwa masikio yako?"

"Nimesikia, bibi."

"Basi vaa viatu. Twenda kuutwaa ukili wake."

Ilikuwa dawa inayojulikana. Mtu akishukiwa kuwa ametia jicho, huibiwa kitu chake kidogo, uzi wa nguo au kipande cha mkeka, kikachomwa na mgonjwa akafukizwa moshi wake. Sharti mwenyewe asijue. Hivyo bibi yangu, ambaye sijapata kumwona akichukua hata ndimu ya watu, alifunga wembe kwenye ncha ya leso, akajitanda buibui, akanishika mkono tukavuka kichochoro.

Bi Mwanaesha alipoitikia hodi na kutuona, alisahau hata kutukaribisha. Kisha akaanza kuyasema yote kwa pamoja. "Karibuni. Karibuni, Bi Tima. Ndoo mwanangu, ndoo ukae hapa." Nilimbusu mkono kwa hofu, ulinuka iliki. Alikifuta kiti ambacho kilikuwa safi, akateremsha vikombe vitatu vya kahawa. Kimoja kilikuwa kinang'aa. Viwili vilikuwa na vumbi, akavificha nyuma ya mgongo wake na kwenda kuviosha.

Karibu na mlango palikuwa na makubadhi ya kiume yaliyopakwa mafuta. Pembeni palikuwa na bunda la ukili kubwa kama gurudumu la mkokoteni. Bibi alikwenda kukaa ubavuni mwa bunda lile.

"Wote huu wa nini, Mwanaesha?"

"Mkeka wa arusi ya Athumani. Sishoni bado. Naye aje achague upana."

Mkono wa bibi ulikuwa umekwisha ingia chini ya buibui, nami nilijua unatafuta nini.

"Niwieni radhi," akasema Bi Mwanaesha, "saa yangu imefika." Akasogea dirishani na kuanza: Mwanangu huko uliko...

Na huko nje, pa! Kisha pa! pa! Sauti ile nilikuwa nimeisikia kila siku, lakini siku zote nikiwa upande wetu. Ukiwa upande wetu ilikuwa sauti ya mbao. Ukiwa kwake, kila pa! unajua ni nyumba ya nani, na unajua ni wewe unayefungiwa. Nilimtazama usoni. Hakukunja hata kipaji. Alingoja kila dirisha lifungwe, kisha akalitia katika wimbo:

Wa dirisha la samawi, asitengwe na mamake,
Na wa mlango wa pili, afike salama kwake.

Akaenda hivyo hivyo mpaka kona ya msikiti, nyumba kwa nyumba, kila iliyomfungia akiiombea. Huo ndio ulikuwa mwisho ambao kichochoro kizima kiliukimbia.

Bibi alitoa mkono chini ya buibui. Wembe aliuacha ndani.

"Mwanaesha," akasema, "kumbe hili ndilo neno la mwisho la wimbo?"

"Ndilo, dada. Wangu yuko mikononi mwa Mungu. Nikimuombea yeye pekee, naona haya."

Bibi alilia. Sikupata kumwona akilia kabla, hata alipozikwa babu. Alipoweza kusema, alisema, "Mtoto wa dirisha la samawi yu hoi," na kabla hajamaliza Bi Mwanaesha alikuwa mlangoni, buibui upande mmoja, bila viatu.

Alikaa na mama mpaka magharibi, akimkanda Omari kwa kitambaa cha maji na kumwimbia sikioni. Omari aliomba maji, akanywa. Baba alikuwa ameleta dawa za hospitali mchana ule, na mama mpaka anakufa alisema ni zile dawa. Bibi hakushindana naye. Mimi pia sishindani na dawa.

Tangu siku ile dirisha letu halikufungwa. Wengine walifuata, mmoja leo, mwingine baada ya mwezi. Bi Zena wa pembeni aliendelea kubamiza mbao zake mpaka uzeeni, lakini nadhani hapo alikuwa hataki tu kushindwa. Ramadhani iliyofuata nilipeleka mwenyewe sahani ya kwanza, mkate wa sinia chini ya kawa, na njiani nilijiona mkubwa sana.

Vita vikaisha. Askari walirudi kwa meli, na Bi Mwanaesha alikwenda kuwapokea wote. Athumani hakuwamo. Alipofariki mwenyewe, miaka michache baadaye, wanawake wa kichochoro walikaa kutwa nzima wakashona ule ukili, bibi akamalizia ukingo, na mkeka ule ndio uliofunika jeneza lake.

Omari wetu alikua. Alipata kazi melini, akashukia Uingereza, akaandika barua nzuri zenye picha, kisha zikachelewa, kisha zikakatika. Kwa hiyo onyo la bibi lilitimia. Niliusikia wimbo mpaka mwisho, na mtu wa nyumba yangu ameondoka na hajarudi. Nimelifikiria sana jambo hili, na sina ugomvi na bibi wala na wimbo. Nikihesabu madirisha ya kichochoro kile, sioni hata moja ambalo hakuna mtu aliyeondoka nyuma yake, yakiwamo yale yaliyofungwa barabara kila siku.

Sasa mimi ni mkubwa kuliko bibi alivyokuwa siku ile. Nikisha sali alasiri nakaa kwenye dirisha letu, ambalo rangi yake imebaki kwenye pembe tu, na naimba polepole, maana pumzi zimekuwa chache. Naanza na nyumba ya mkabala. Namtaja Athumani, kwa kuwa hana tena mtu wa kumtaja. Kisha ndipo namwita Omari.